Shuka Adams

Matatu ya nambari 111 inayotoka katikati ya Nairobi kwenda Ngong haina orodha ya vituo ndani yake, wala sauti ya mashine inayotaja kituo kinachofuata. Ina makanga. Ikishapita Prestige anapaza sauti mlangoni, "Adams! Kuna wa Adams?" Aliyeketi kiti cha nyuma anajibu "shukisha", makanga anagonga bodi kwa kiganja, na dereva anasogea kando ya barabara. Adams anayetajwa hapo ni Adams Arcade, maduka yaliyojengwa kando ya Barabara ya Ngong katika miaka ya 1950 na kupewa jina la ukoo wa mfanyabiashara mwenyewe. Ndipo lilipofunguliwa tawi la kwanza la mkahawa wa Java mwaka wa 1999. Mitaa inayoizunguka ina majina yake: Woodley, Kilimani, Jamhuri, na ukishavuka soko la mitumba la Toi, Makina, ambacho ni kijiji kimoja cha Kibera. Hata hivyo mtu wa Woodley au wa Makina akiulizwa anashukia wapi, atasema Adams. Jina la maduka limekuwa anwani ya watu wengi ambao huenda hawajawahi kununua hata kiberiti humo. Ninavyoona, safari hiyo ya jina kutoka ukutani hadi mdomoni mwa abiria inaeleza jinsi habari za usafiri zilivyoundwa Nairobi. Ujuzi wa kuvuka jiji hili ulitengenezwa na watu wasio na ofisi: makanga, madereva, wachuuzi wa steji, abiria. Kampuni, serikali na vyuo vikuu vilikuja kwa zamu kuuandika. Maandishi hayo yalidumu pale ambapo watumiaji waliweza kuyachukua na kuyarekebisha. Pale walipofungiwa nje, yalichakaa upesi.

Mwanzoni mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mwaka wa 1934 kampuni ya Overseas Motor Transport ya London ilianzisha mabasi ya Kenya Bus Services, magari 13 kwa njia 12. London kwenyewe, mwaka mmoja tu kabla yake, abiria wa treni za chini ya ardhi walikuwa wamepata ramani mpya iliyochorwa na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kihandisi aliyeifanya kazi hiyo bila kuagizwa na mtu. Nairobi haikuwa na Beck wake, na kwa mpangilio ule haikumhitaji. Kampuni moja ilimiliki magari, ikapanga njia, na yenyewe ikawa chanzo cha habari zote kuhusu njia hizo. Kila njia ilipewa nambari, na aliyeijua nambari alijua basi linaishia wapi. Lakini hilo lilikuwa jiji la vipande. Mwanamume Mwafrika alipaswa kubeba karatasi za kumtambulisha, makazi yake yalipangwa na wengine, na safari zake zilidhaniwa kuwa mbili tu: kwenda kazini na kurudi. Habari alizohitaji zilikuwa chache kwa sababu uhuru wake wa kwenda ulikuwa mdogo. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa wapo wanaokumbuka enzi za basi kama enzi za utaratibu uliopotea. Utaratibu ulikuwepo, ni kweli, lakini ulikuwa mwepesi kuandika kwa sababu ulihudumia sehemu ndogo ya jiji na sehemu ndogo ya maisha ya watu wake.

Uhuru ulipokuja na vizuizi vya kuhamia mjini vikaondoka, hesabu hiyo ilivunjika. Mwaka wa 1966 baraza la jiji lilipata robo ya hisa za Kenya Bus Services, nayo kampuni ikapata haki ya pekee ya kubeba abiria jijini. Haki ya pekee haikuongeza viti. Mitaa ilizidi kupanuka, mabasi hayakutosha, na wenye magari madogo ya watu binafsi wakaanza kujaza pengo bila leseni. Hapo ndipo habari za usafiri zilipohamia mdomoni, na sababu yake ni ya wazi kuliko inavyosemwa kawaida. Dereva aliyebeba abiria kinyume cha sheria hangeandika ubavuni mwa gari lake anakokwenda. Kufanya hivyo kungekuwa kujishtaki. Alihitaji mtu wa kuita, mtu anayeweza kutangaza "Kibera, Kibera" abiria wanapotokea na kunyamaza askari anapotokea. Kwa hiyo kelele za steji, ambazo wageni wengi huziona kama tabia tu ya watu wa Nairobi, zina asili katika sheria. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya usafirishaji iliyodaiwa mabasi, na biashara iliyokuwa ya kujificha ikatoka mchana peupe. Kufikia hapo mwito ulikuwa umekomaa kuwa kazi, na haukuacha kuwa kazi kwa sababu ya amri ya Rais.

Kilichofuata ndicho ushahidi wangu mkubwa. Matatu zilipotoka mafichoni hazikubuni mfumo wao wa kutambulisha njia. Zilichukua nambari za basi. Nambari 8 ya Kibera, nambari 2 ya Dagoretti na nyingine nyingi ziliendelea kutumika kwenye magari ambayo Kenya Bus Services iliyaona kama wezi wa abiria wake. Kampuni ilibadilika baadaye: Stagecoach ya Uskoti iliinunua mwaka wa 1991 na kuiuza mwaka wa 1998, na mabasi yake yakaendelea kupungua. Serikali nayo ilileta mabasi ya Nyayo mwaka wa 1986, nayo hayakumaliza miaka kumi yakiwa na nguvu. Nambari zilizaliwa na kampuni moja zikailea kampuni nyingine, zikaingia kwenye matatu, na zingali zinatumika leo. Hazikulindwa na hatimiliki wala na mlinzi yeyote. Zilidumu kwa sababu kila aliyezitumia aliziongezea thamani. Abiria aliyejua kwamba 8 ni Kibera hakujali ni gari la nani, na mwenye gari aliyebandika 8 alipata bure matangazo ya miaka mingi. Gari lilipoanzisha njia mpya inayochepuka kutoka ya zamani, nambari ya zamani iliongezewa herufi au tarakimu, na mwenye kuijua ya kwanza aliweza kukisia ya pili.

Majina ya vituo yalipata hatima kama hiyo, ila yenyewe hayakuwahi hata kuandikwa na kampuni. Serikali ya Kenya huru ilifanya kazi kubwa ya kubadilisha majina ya barabara: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge Street ikawa Kimathi Street, Victoria Street ikawa Tom Mboya Street. Mabadiliko hayo yalikuwa ya haki na yalishika. Karibu na Adams Arcade, Woodley, kuna barabara ya Joseph Kang'ethe, kiongozi wa Kikuyu Central Association, chama kilichoanzisha gazeti la Muigwithania mwaka wa 1928 Johnstone (baadaye Jomo) Kenyatta akiwa mhariri, na ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka wa 1940 na kumfunga Kang'ethe. Mtu aliyeongoza chama kilichowapa watu gazeti la lugha yao anastahili kutajwa kila siku kwenye barabara hiyo. Hata hivyo kinachoitwa mlangoni mwa matatu ni jina la mwenye maduka, na kusema kweli naona uchungu kidogo kwa hilo. Lakini najua kwa nini. Kang'ethe alibandikwa na ofisi, kwenye kibao kinachosomeka ukishafika. Adams lilibandikwa na abiria waliohitaji kitu kinachoonekana kutoka dirishani gari likiwa mbioni: jengo refu kwa upana, kwenye kona inayojulikana, lililosimama pale pale kwa miongo saba. Jina la kituo huchaguliwa na jicho la mtu anayepita.

Haja ya alama kama hizo ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu nyumba nyingi za Nairobi hazina anwani ya kumfikisha mtu mlangoni. Barua nchini Kenya huenda kwenye sanduku la posta, na sanduku liko posta, si nyumbani. Kwa hiyo mgeni hawezi kuifuata barua hadi kwa mwenyeji wake. Anaelekezwa kwa maneno: panda ya Ngong, shuka Adams, vuka barabara, ukifika kwa wauza viatu uliza tena. Sehemu ya mwisho, "uliza tena", ni sehemu ya anwani yenyewe. Mwelekezaji hana haja ya kujua yote. Anampeleka mgeni hadi kwa mtu atakayejua hatua inayofuata. Mwuza magazeti wa steji, mama wa mahindi ya kuchoma, kijana wa kibanda cha M-Pesa na askari wa lango la maduka wote wamefanya kazi ya dawati la maulizo kwa miaka mingi bila mshahara wa kazi hiyo. Simu za mkononi zilipoenea kuanzia mwaka wa 2000 hazikuondoa mtindo huu, ziliufanya wepesi. "Niko Adams" ikawa jibu kamili, na mwenyeji aliyekuwa akitoka kumngoja mgeni kwa kukadiria saa sasa alitoka kwa wakati wake.

Inafaa kutazama kwa karibu kile anachojua makanga, kwa sababu wanaomdharau hudhani anaita tu. Juu ya dashibodi kuna kipande cha kadibodi au bati chenye nambari ya njia, mara nyingi chenye nauli upande mmoja, na kinageuzwa hali inapogeuka. Mvua ikianza kunyesha jioni, nauli hupanda kabla abiria wa kwanza hajafika steji. Madereva wanaopishana huambiana kwa taa na kwa ishara za vidole kwamba mbele kuna msongamano, au kuna ukaguzi wa polisi. Makanga anaposikia kwamba barabara imefungwa karibu na Prestige, ndiye anayeamua na dereva wapenye Kilimani au wazunguke, na ndiye anayewaambia abiria kabla hawajapanda: "hii haipitii Adams." Anajua nani anashuka wapi bila kuandika, anajua noti ya nani inangoja chenji, na anajua kwamba mwenye mzigo wa mitumba ya Toi atahitaji muda mlangoni. Hizo ni habari za dakika ile. Mashine chache duniani zinazijua hata leo.

Pingamizi la kwanza ni kubwa na sitalikwepa: makanga hudanganya. Hutangaza kwamba wamebaki watu wawili gari liondoke, kumbe viti sita viko wazi. Huahidi kufika Ngong, kisha gari likageuza Dagoretti Corner na abiria wakaamriwa kuhamia lingine. Hutaja hamsini, na mlangoni inakuwa themanini. Mwenye pingamizi husema kwamba habari zinazotoka kwa mtu anayefaidika na jibu lake si habari, ni biashara. Ni kweli kwamba anafaidika. Lakini mfumo huu haukuwahi kumtegemea makanga mmoja. Abiria aliyezoea njia humsahihisha makanga mbele ya wengine. Gari jirani hutaja nauli yake kwa sauti. Mchuuzi wa steji, asiyepata kitu kwa kudanganya, huulizwa kabla ya makanga. Mtu wa Nairobi huuliza watu wawili au watatu na kulinganisha majibu, na hafanyi hivyo kwa kutoamini binadamu, ni ustadi wa kutumia habari ambao shule zetu hazifundishi. Tukumbuke pia kwamba karatasi nayo hudanganya kwa namna yake. Njia iliyoandikwa ya basi lisilokuja ni uongo uliochapwa, na hauna mtu wa kuuliza.

Serikali ilijaribu kuyaandika haya yote kwa nguvu. Sheria ya mwaka wa 1984 iliwarudisha wenye matatu kwenye leseni na ukaguzi. Kisha yakaja masharti ya Waziri John Michuki, yaliyotangazwa mwaka wa 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Wengi huyakumbuka kwa mikanda ya viti na vidhibiti mwendo, na yalistahili sifa hizo kwa sababu barabara zilikuwa zinaua. Mimi nayatazama kama masharti ya habari. Kila matatu ilipakwa mstari wa manjano na kutakiwa kuonyesha njia yake, makanga na dereva wakavishwa sare na kubeba vitambulisho vyenye picha. Kwa mara ya kwanza kwa uzito huo, abiria alipewa haki ya kusoma kabla ya kuuliza: gari hili ni la wapi, na huyu anayenidai nauli ni nani. Upande wa "ni nani" ulifaulu kiasi. Mtu mwenye jina na picha kifuani hujizuia. Upande wa "ni la wapi" haukufika mbali, kwa sababu mstari wa manjano ulitaja kilichoruhusiwa, naye makanga alitaja kinachotendeka. Siku ya msongamano vitu hivyo viwili vilitengana, na abiria alijifunza upesi ni kipi cha kufuata. Masharti yale yalikuwa na kasoro moja ya msingi: habari ilitoka juu kwenda ubavuni mwa gari, na hapakuwa na njia ya abiria au makanga kurudisha neno kwamba njia imebadilika.

Fikra kwamba watu wa mahali wanaweza kuwa waandishi wa habari za mahali pao ilijaribiwa kwanza si kwenye matatu, bali ng'ambo ya Toi. Kibera ilikuwa imetajwa duniani kote, na katika ramani nyingi ilikuwa doa tupu. Hata idadi ya watu wake ilikuwa ya kukisia: kwa miaka mingi ilisemekana kuwa ni milioni moja, na sensa ya mwaka wa 2009 ikahesabu 170,070. Mwaka huo huo vijana 13 wa Kibera, wakishirikiana na Mikel Maron na Erica Hagen, walizunguka vijiji vyao na vifaa vya GPS wakatia alama visima, vyoo, zahanati, makanisa, misikiti na shule, kisha wakaweka yote kwenye OpenStreetMap, ramani huru ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mradi ukaitwa Map Kibera. Inasemwa, na ni haki kusema, kwamba wazo lililetwa na wageni na kwamba ramani inaweza kumfaa anayetaka kubomoa kama inavyomfaa anayetaka kujenga. Mwaka wa 2018 nyumba za maelfu ya watu wa Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na kuwa kwenye ramani hakukuzikinga. Lakini ramani huru haikuwa imewapa wabomoaji siri yoyote. Barabara hiyo ilikuwa kwenye mipango ya jiji kwa muda mrefu. Kilichobadilika ni kwamba safari hii wakazi na waandishi wa habari walikuwa na rekodi yao ya shule na huduma zilizokuwa zimesimama hapo.

Miaka michache baada ya Map Kibera kuanza, kazi kama hiyo ilifanyiwa matatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiwa na wenzao wa MIT na Columbia na kikundi cha Groupshot, waliwatuma wanafunzi kupanda matatu jiji zima, simu mkononi, wakinakili kila mkunjo wa njia na kila mahali gari liliposimama. Mradi huo, Digital Matatus, ulikusanya zaidi ya njia 130 na vituo karibu 3,000. Mfumo wa kuhifadhi takwimu za usafiri waliotumia ulianzia Portland, Marekani, mwaka wa 2005, na ulidhani kwamba kila gari lina ratiba na kila kituo kina kibao. Nairobi haikuwa na vyote viwili, kwa hiyo ilibidi kuunyoosha mfumo uingie ukweli wa hapa. Vituo visivyo na kibao vilihitaji majina, na majina hayakuwa katika faili la ofisi yoyote. Yalipatikana garini. Kila jina kama Adams lililoingia kwenye takwimu zile lilikuwa limekwisha kutengenezwa na miaka ya watu kuita na kuitikia. Mwanafunzi mwenye simu alikuwa karani wa jambo lililoamuliwa zamani.

Ramani ya karatasi iliyotokana na kazi hiyo, yenye rangi na mistari iliyonyooka kwa mtindo ule wa Beck, ilitolewa mwaka wa 2014 na serikali ya jiji ikaipokea kama ramani yake rasmi. Mwaka uliofuata njia za matatu zikaingia kwenye Google Maps. Kwa abiria aliyeijua njia yake kila siku hakukuwa na jipya hapo. Jipya lilikuwa kuona njia zote kwa pamoja: karibu zote zinakimbilia katikati ya jiji, na mtu anayetoka upande mmoja wa nje kwenda upande mwingine analazimika kupitia tao. Kila makanga aliijua njia yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameliona jiji zima. Wenye matatu walioitazama walianza kufikiria njia ambazo hazikuwepo. Hapa nakiri kwa furaha kwamba maandishi yaliongeza kitu ambacho mdomo haukuweza kukitoa. Na yaliweza kukitoa kwa sababu takwimu ziliachwa wazi kwa yeyote kuzichukua, kama zile nambari za basi zilivyoachwa bila mlinzi.

Kuna faida nyingine ya ramani ambayo naiona kubwa zaidi, na wanaopenda sana utamaduni wa steji huipita haraka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza kuna gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa. Mwanamke anayesimama steji usiku akionekana hajui njia anatangaza kwa kila mtu kwamba ni mgeni. Novemba 2014, mwaka ule ule wa ramani, wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye steji ya matatu, kwa madai ya mavazi yake. Kiziwi hasikii mwito wa "Adams". Mtu aliyehamia jana kutoka Lodwar, ambaye Kiswahili cha haraka cha mlangoni kinampita, anasikia kelele tu. Kwa watu hawa, kujua mapema nambari ya gari, mahali pa kupandia na mahali pa kushukia kunamaanisha kutolazimika kumwomba mtu. Kwa hiyo nikisema makanga na abiria ndio waliounda ujuzi huu, sisemi ubaki mdomoni. Ujuzi unaopatikana kwa kuuliza peke yake huwanyima wale wasioweza kuuliza kwa usalama, na mji unawadai watu hao maandishi.

Ndipo linapokuja pingamizi la mwisho, lililo gumu kuliko yote: maandishi hayo yatatunzwa na nani? Barabara ya Ngong yenyewe imepanuliwa tangu ramani ile itolewe, kwa msaada wa Japani, na upanuzi wa barabara hubadilisha mahali pa kusimama na pa kuvukia. Tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya kaunti chini ya Gavana Mike Sonko ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Watu walitembea kwa miguu kutoka pembeni mwa mji, na agizo likasitishwa upesi. Kituo cha Green Park, kilichojengwa ili matatu za Barabara ya Ngong na za Lang'ata ziishie hapo badala ya kuingia tao, kilifanyiwa majaribio mwaka wa 2022. Kila badiliko kama hilo lilizeesha ramani kwa siku moja. Waliojua kilichobadilika asubuhi hiyo walikuwa makanga, na baada yao watumiaji wa huduma kama Ma3Route, ambapo abiria huandikiana hali ya barabara. Wenye pingamizi husema hii inathibitisha kwamba ramani ilikuwa kazi ya wasomi, ikapigwa picha na kusahaulika, huku kampuni kubwa za kigeni zikifaidika na jasho la wanafunzi na ujuzi wa makanga ambao hawakulipwa. Sehemu ya kwanza ya lawama inaweza kurekebishwa; ya pili ni deni halisi.

Urekebishaji wenyewe hauhitaji uvumbuzi. Kanuni za usafiri wa umma za mwaka wa 2014 zinataka kila matatu iwe chini ya sacco (chama cha ushirika) au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Maana yake, njia ambayo zamani ilikuwa na wamiliki mia waliotawanyika sasa ina ofisi chache zenye mwenyekiti, katibu na simu, na katibu huyo anajua ndani ya saa moja kwamba magari yake yamehamishwa steji. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 ikaweka utaratibu wa kuzidai. Leseni ya njia tayari inatolewa na ofisi ya umma. Njia hiyo, nambari yake na vituo vyake kwa majina ambayo makanga huyaita ni habari za umma na zinapaswa kuchapishwa wazi, zikirekebishwa kila sacco inapotoa taarifa, na kibao kisimamishwe hapo Adams chenye nambari zinazosimama na mahali zinapoishia. Kaunti ikilipa mtu wa kufanya kazi hiyo, ilipe pia muda wa makanga na wachuuzi watakaoulizwa, kwa kiwango kile kile ambacho mshauri yeyote wa usafiri hulipwa kwa saa moja ya kueleza anachokijua.